Mstari wa Nne

Daktari Okemwa amepiga mstari kwenye karatasi,
chini yake akaandika: nne.

Wa kwanza ulinipa miaka miwili na upara.
Wa pili, mwaka na kitu.
Wa tatu sikumbuki ulinipa nini,
nakumbuka ndoo ya bluu
na harufu ya vitunguu vya jirani.

Miezi mitatu, anasema. Pengine minne.
Pengine dawa isifue dafu.
Analitamka hilo "pengine" kama mtu anayepima kitambaa
asichotaka kukikata.

Nami ni fundi cherehani, Kariobangi, mwaka wa ishirini na sita.
Naujua mshono wa nne juu ya mitatu iliyofumuka:
nguo imebaki matundu ya sindano,
unashona matundu.

Dada yangu Ndinda kaja na daftari la mchango.
Majina kurasa tatu, hata muuza makaa yumo, shilingi hamsini.
"Watu wamejinyima, Syombua. Utawaambia nini?"
Sikujua kuishi nako ni deni.

Swali langu lilikuwa moja tu: na vidole?
Daktari akaitazama mikono yangu kabla ya faili.
Ganzi itazidi, akasema. Huenda isiondoke tena.

Julai. Mawingu yamelalia mabati tangu alfajiri.
Magauni kumi na saba ya kwaya yananing'inia bila pindo,
zambarau, kola nyeupe.
Nalamba uzi, nalenga tundu la sindano,
mara moja, mara mbili, mara
dole gumba halijui kama limeshika au limeachia.
Mutinda akaweka chini kitabu cha kemia,
akatunga uzi, akanirudishia sindano,
akarudi kwenye kemia.
Hakusema neno.
Shingo yake imekuwa ndefu, nikaona. Lini?

Usiku sikuhesabu siku. Nilihesabu mapindo,
kila gauni na mzunguko wake wa mita tatu.

Asubuhi nikampigia daktari.
Ya maumivu niandikie, hata leo.
Hiyo ya mstari wa nne sijaikataa.
Sijaikubali.
Kwaya inaimba tarehe tisa Agosti. Niulize tarehe kumi.

Akanyamaza. Nilisikia kalamu ikibofywa, ikibofywa.
"Tarehe kumi huenda tukawa tumechelewa."

Najua, nikasema,
nikaibana simu kwa bega
nikauma uzi.