Nyuzi Mia na Kumi

Vidole vya baba viliacha kusikia moto mwaka juzi.
Sukari, alisema daktari wa Rufaa,
huanzia miguuni, ikapanda, ikakata habari.
Baba akacheka: basi nitachoma kwa pua.

Lakini pua nayo husinzia, hapa Uyole,
Juni, ukungu ukishuka toka Igawilo
hadi malori ya Tunduma yanawasha taa saa kumi jioni,
na pipa lake, lililopasuliwa ubavu,
linavuta upepo kama mtoto mwenye kikohozi.
Mara bega la kitimoto limeungua nje, ndani bado linalia.
Wateja wa asubuhi hawagombi.
Wanahamia kwa jirani.

Nikaenda Mwanjelwa kwa fundi Tweve.
Nikanunua feni ya kompyuta iliyokufa,
bodi ndogo kama kiberiti,
kipimajoto chenye mkia wa chuma,
transista tatu, moja ya kuunguza.
"Unatengeneza redio?"
"Natengeneza kiganja."
Akanipunguzia mia tano, kwa huruma.

Siku tatu nililehemu juu ya cherehani ya mama.
Hesabu yenyewe ya chekechea:
joto likishuka chini ya mia na kumi, feni ipulize;
likipanda, inyamaze.
Kopo la maziwa ya unga likawa shingo
ya kupitishia pumzi hadi kwenye mkaa wa mwati.

Ikagoma.
Kila feni ilipoanza kuzunguka, bodi ilizimia,
ikaamka, ikauliza upya mimi nani, hapa wapi,
ikaiwasha feni, ikazimia.
Umeme wa ukutani ulishakatika toka saa mbili.
Nilikuwa na betri ya bodaboda ya Ngwisa,
naye amesimama mlangoni akiidai kwa mdomo
maana honi haikuwa na cha kulilia.

Karibu na alfajiri ndipo nikaona:
feni inapoamka ina pupa,
inakomba chungu chote kwa tonge la kwanza,
na mwenye kufikiri analala njaa.
Nikamwekea bodi kapasita nene mlangoni,
akiba ya kumeza mshtuko mmoja tu,
na diodi, ili feni isirudi nyuma kuiiba.
Nilicheka peke yangu.
Ni mama na kibubu chake, mwisho wa mwezi,
amechorwa kwa waya.

Jumamosi usiku tulikiwasha.
Mia na kumi. Mia na kumi na moja. Mia na kumi.
Baba juu ya kreti ya soda, blanketi mabegani,
hakusema zuri wala baya.

Saa tisa akanitikisa.
"Lugano. Kidude chako kinasema uongo."
Namba nyekundu zilikuwa palepale, hazijatikisika.
"Sikiliza mafuta. Yanadondoka kwa haraka.
Mafuta ya moto wa taratibu hudondoka
kama mtu anayetafuta jina."

Mimi nilisikia mafuta tu.
Nikafunua pipa, joto likanipiga usoni:
mkia wa chuma ulikuwa umeteleza,
umeegemea nyama, unasimuliwa ubaridi wa nyama,
na feni, mtiifu, inapuliza, inapuliza.

Nikaufunga kwenye wavu kwa waya wa baiskeli,
mbali na bega, hewani.
"Sasa?"
Alikaa kimya muda mrefu. Lori lilibadili gia mlimani.
"Bado."
Lori la pili.
"Sasa."

Kisha akalala hapohapo alipokaa,
mara ya kwanza Jumamosi usiku tangu nimjue.
Feni ilipuliza kidogo, ikaacha. Ikapuliza.
Nilikuwa naandika namba kwenye daftari
nilipoona mkono wake umeteleza toka kwenye blanketi,
umelalia ubavu wa pipa,
na uso wake umetulia kabisa.

Niliuondoa mimi.
Kwa kazi hiyo sikuwa nimefunga waya wowote.