Zamu ya Usiku, Igombe

Kazi yangu ni kupasua barafu.
Bonge la kilo hamsini unalisikiliza kwanza,
kisha unaligonga pale lilipokwisha kukata tamaa lenyewe.
Sangara wanalazwa juu yake, midomo wazi,
kama watu walioitwa majina wakachelewa kuitika.

Juzi Mwalimu Lukelesha alipandisha darubini
kwenye jabali nyuma ya sekondari,
na Ng'wasi wangu akanivuta nikiwa bado na buti za mpira.
"Mama, Zohali."
Nikaona punje ya mchele iliyovaa pete,
na pembeni chembe mbili za mwanga, miezi yake.
"Upo mwingine," alisema mwalimu, "kioo hiki hakiufikii.
Wote ni ganda la barafu. Kusini umepasuka nyufa nne,
na maji yanaruka humo mpaka nje,
yanaganda angani, yanakuwa pete."

Watoto waliguna. Mimi nikauliza nani anayapasha moto,
maana barafu haipasuki bure,
nimeshika nyundo miaka kumi na mmoja.
Akajibu: sayari inauvuta mwezi, inaulegeza, inauvuta tena,
kama mtu akandaye unga asioupika.
Uchovu ule ndio moto wake.

Nilicheka peke yangu. Uchovu ule naujua.

Alfajiri usubi ulipanda kutoka ziwani,
nguzo tatu nyeusi, wima, upande wa Ukerewe,
kana kwamba maji yanapikia kuni mbichi.
Nikasimama na koleo langu.
Chini ya ganda lile kuna ziwa
ambalo hakuna aliyewahi kunawa uso humo.
Lina chumvi, wanasema, kama mgongo wangu saa kumi za usiku,
na giza lake halijawahi kuvuliwa dagaa kwa karabai.
Kama kipo kiogeleacho humo
hakijui kwamba kina anga.

Ng'wasi anauliza kama kuna sangara.
Nikamwambia aombe wasiwepo,
na asiwepo mtu wa kuwapeleka na ndoo:
bibi yake alikula furu wa kila rangi,
yeye anawajua kwa majina tu.

Bonge la mwisho lililia kabla sijaligusa.
Mstari mweupe ukapita katikati yake, polepole,
ukitafuta njia.
Lori la kiwandani likapiga honi, likapiga tena.
Nikaiweka nyundo chini,
nikainamisha sikio.