Jicho la Kulia la Bi Rayya

Walimtoa lenzi mwaka wa sabini na tisa, jicho la kulia,
huko Maskati, wodi ikinuka rangi mbichi na dawa.
Hawakumtilia nyingine.
Wakampa miwani, vioo vinene kama vitako vya chupa,
akarudi nayo Rustaki, akavaa, akaona:
mlango ni mlango, mbuzi ni mbuzi,
na bili ya umeme ina makosa.

Ila akiivua,
kuta huyeyuka kama samli,
sisi hubaki vivuli vyenye sauti,
na juu ya maua ya mlimau
hutua kitu tusichokiona.

Buluu? tulimwuliza.
Si buluu.
Urujuani?
Labda jirani yake.
Zambarau basi, akasema Muhenna, akicheka,
naye akakumbuka zambarau za Wete,
ulimi uliokuwa ukimsaliti mbele ya mwalimu,
akatikisa kichwa. Zambarau ina uzito. Hii haina.

Lugha yetu hukopa rangi kwa vitu:
kijani kwa jani, kijivu kwa majivu ya mekoni,
hata damu ya mzee imekuwa kitambaa cha sherehe.
Yeye alikosa kitu cha kukopa.
Tukadhani ni umri. Tukadhani, Mungu atusamehe,
anataka tu kusikilizwa.

Muhenna hufuga nyuki chini ya mikunazi,
wengine katika magogo ya mtende, kama babu yake,
wengine katika masanduku kumi aliyonunua Barka.
Mwaka ule aliyapaka yote nyekundu,
akasimama kando, mikono kiunoni, akiyafurahia.
Siku tatu nyuki wakagombana milangoni,
wa hili wakiingia la pili,
mizoga ikalala mchangani kama kumvi.

Bi Rayya akaletewa kiti. Akavua miwani.
"Mlimau unawaita," alisema. "Masanduku yako yamenyamaza.
Leta chokaa. Hili mstari, lile duara, lile usiliguse."
Muhenna alichora kwa kununa.
Kufikia Ijumaa kila nyuki alikuwa na kwao.

Mimi hutia watu matone ya macho kliniki, ndiyo kazi yangu.
Zamu za usiku nilianza kusoma.
Kumbe lenzi ya mwanadamu ni pazia:
kuna mwanga nyuma ya urujuani, nayo inauzuia mlangoni.
Nyuki hana pazia hilo. Kwake wekundu ni giza tupu,
lakini ua jeupe lina njia zilizochorwa hadi kwenye utamu,
na jua likijificha nyuma ya jabali
anga humwonyesha lilipo.
Nikatazama taa ya mrija juu ya meza yangu,
imetulia kabisa;
nzi aliyekuwa ukutani aliiona ikipepesa, ikipepesa.

Na hili lilinikalisha kitako:
nyuki haoni sura vizuri. Ukungu, ukungu wenye rangi.
Kama shangazi asiye na miwani.

Kuna chozi anayekuja uani kwetu,
ndege, si la jicho,
mweusi kwangu mpaka ageuze shingo juani.
"Huyo mweusi?" Bi Rayya huguna.
Husema hivyo tu, hafafanui.

Sasa daktari anataka kumtilia lenzi mpya.
Za siku hizi zina pazia ndani yake.
Nilimweleza ukweli, fomu ikiwa mapajani mwangu.
"Na uso wako, nitauona bila vioo?"
Utauona, shangazi. Hata kovu la ndui ya maji.
Alinyamaza. Alininyoshea mkono, akalipapasa kovu,
kidole kikalipata bila kutafuta.
"Mikunazi inachanua lini mwaka huu?"
Mwezi wa kumi.
"Basi waandikie wa kumi na mbili."

Nikaandika Desemba,
kwa penseli.