Hodi

Nilizifunga mimi. Tisa,
kuanzia gatini hadi kichochoro cha mwisho cha Mkomani,
mia nane kwa tundu, ngazi ya kuazima.
Ukuta wa matumbawe hautobolewi kwa pupa:
hutoa unga mweupe, ukakuingia puani,
ukapiga chafya kana kwamba nyumba yenyewe imekataa.

Ya saba niliifunga kando ya nyumba ya Bi Shamsa Kupi,
ikatazama juu, kwenye wikio,
lile daraja lenye kuta linalovuka njia hewani
kutoka kwake hadi kwa dada yake.
Waliolijenga walikuwa na hesabu zao:
mwanamke aende kwa nduguye kuomba chumvi
na mtaa usijue kama alikwenda.
Nilikaza skrubu nne. Nikashuka. Nikalipwa.

Afisa alisema ni kwa usalama wetu.
Sikubishana. Niliibiwa drili mwaka juzi,
na nakumbuka miezi ya kafyu,
magharibi ikiingia na milango imeshapigwa komeo,
harusi zikiliwa mchana kama vitafunio.
Hofu naijua, sina haja ya kufunzwa.
Lakini mlinzi wa zamani akikumulika tochi usoni
ulimwuliza, "Nani wewe?"
naye akataja jina, na mtaa, na mamake.
Hii ya saba ina taa ndogo nyekundu, basi.

Kanuni zilibandikwa ofisi ya wadi,
kurasa arobaini na mbili, Kiingereza,
na chini kabisa: wananchi wana siku kumi na nne kutoa maoni.
Zilibandikwa siku ya kumi na tatu.
Data zitatunzwa, zasema.
Najua zinavyotunzwa. Nywila ni moja mbili tatu nne,
imeandikwa kwa kalamu kwenye selotepu
ubavuni mwa sanduku.
Mwandiko ni wangu.

Ijumaa Bi Shamsa aliniteremshia kikapu kwa kamba,
ndani yake mkate wa sinia, na kutoka dirishani swali:
"Lali, hilo jicho hulala?"
Halilali, bibi.
"Basi haliоti."
Halioti.
"Kitu kisichoota, mwanangu, kitanijulia wapi?"

Nilikula mkate.

Akaniambia, hata askari wa mkoloni
alipokuja kumchukua babake
alisimama dakani, akaita hodi kwa ulimi mzito,
akangoja.
Alikuwa na bunduki, na alingoja.
"Ninyi mwaingia hadi kwenye simu niliyoilalia."
Nikataka kusema si mimi, bibi.
Unga wa ukuta wake ulikuwa bado kwenye nyusi zangu.

Jumamosi akaning'iniza leso dirishani mwa wikio,
mbele kabisa ya ya saba.
Kule ofisini, kwenye kioo chao,
pakawa hapana njia, hapana watu, hapana punda,
ila jina la leso, asubuhi hadi jioni:
HODI NI NENO DOGO, MBONA LAKUSHINDA

Jumatatu afisa alikuja mwenyewe, kwapa zimelowa.
Akauliza ni kwa kibali cha nani.
"Cha jua," akajibiwa juu.
Akapekua kanuni pale pale njiani, ukurasa kwa ukurasa,
watoto wa chuo wakimhesabia kwa sauti.
Kuna kifungu cha droni. Kuna kifungu cha mabango.
Kuanika hakumo.

Kwa hiyo nimeitwa. Kesho niihamishe ya saba,
ukuta wa pili, shubiri tatu juu ya kamba ya leso.
Mia nane. Mwanangu adaiwa karo.

Usiku huu nimepita chini yake
nikasimama pale uso unapoonekana vizuri,
napajua, nilipapima mwenyewe,
nikaita hodi. Kwa sauti, kama mgeni.
Taa nyekundu.
Nikaita tena. Paka akahama.
Nikaita ya tatu,
na asiyekaribishwa kwa hodi tatu hurudi,
nikarudi.

Ngazi iko ukumbini. Sijaigusa.