Acha Upindo

Najua viuno vya kikosi kizima.
Sajenti Elonga, themanini na mbili.
Koplo Tshimanga, sabini na sita, na kila akirudi kutoka milimani
nampunguzia sentimita tatu nyuma ya mkanda
bila yeye kuniomba, bila mimi kumwambia.
Sabini na tisa ni ya mtu wangu. Hiyo sipimi kwa futi.

Cherehani yangu iko chini ya mabati,
hatua arobaini kutoka mlango wa kambi,
pale barabara inapochoka kupanda na kuanza kuteremka ziwani.
Nikikanyaga, naona Bukavu ikipita
ikiwa na miaka ishirini na mitatu,
mtoto mgongoni, mwingine tumboni, bido kichwani.
Mzee wetu hapa ni kapiteni:
ana thelathini na nne, na jino moja linamsumbua.

Wake zao walikuja na ndege za mizigo,
wamekalia magunia ya maharage,
kutoka Mbandaka, kutoka Kananga, kutoka kwa mama zao.
Walijifunza bei ya sambaza kabla ya salamu.
Sasa watoto wao wanaomba hela kwa Kilingala,
wanalia kwa Kiswahili,
na wakitukanana, ni Mashi safi, ya Kadutu.

Mwaka ule kikosi kilirudi Februari.
Novemba, sabuni ya kufulia nepi iliadimika mjini.
Siku ya chanjo, muuguzi aliita "Mama Dieumerci!"
wakasimama wanne.

Jumamosi tunashuka na mabeseni.
Mawe ya ufukweni yanageuka kijani, yana madoa,
magwanda yamelala chali, mikono wazi,
na ziwa linalamba povu kama ng'ombe anayelamba chumvi.
Tunacheka sana. Watu wa juu Muhumba
wanadhani kuna harusi.
Nani kapata mshahara, nani kapata nusu,
nani simu yake inasema tu: mteja hapatikani.
Huyo tunamsogezea sabuni.

Ornela alikuja Jumanne, mvua ikinyesha.
Ana miaka kumi na tisa, na shingo ya mtu aliyelala vibaya.
Akatoa suruali ndani ya mfuko wa plastiki:
sabini na saba, goti la kulia limetiwa kiraka,
kiraka changu, naujua mshono wangu.
"Nishonee ya Josué."
Josué ana miaka mitatu.
Nikamwambia, kitambaa hiki raia havai, watakunyang'anya.
"Geuza. Upande wa ndani uje nje."
Nikageuza. Madoa yalionekana kwa mbali,
kama majani chini ya maji.

Nikashika mkasi.
"Usikate," akasema. "Kunja. Acha upindo."
Upindo wa kiasi gani?
Hakujibu. Alikuwa anatazama boti la Goma likitoka bandarini,
watu wakipunga, yeye hapungi.
Kisha: "Kiasi kwamba siku moja
nikiufumua wote, imtoshe baba yake."

Nimeshona miaka sita.
Nimeshona mashela, sare za shule, begi la bendi.
Sijawahi kukunja nguo mara tano kwenda juu
na kuipitisha chini ya sindano ikilia.
Sindano mbili zilivunjika. Sikumdai.

Tangu hapo Josué anapita barabarani
miguu imekakamaa, mizito hadi magotini,
anatembea kama mtu aliye majini tayari.
Watoto wa Novemba wamepanga mstari na mifagio,
binti wa kapiteni anatoa amri: kushoto, kushoto,
na yeye, wa mwisho, hawezi kukunja goti,
basi anaruka.
Anaruka hivyo mpaka ufukweni.
Mama yake anamwita ale, fufu inapoa,
sauti yake inashuka mteremko wote,
na kutoka nyumba nne
wanaitika watoto wasioitwa.