Saa Kumi Alfajiri

Nilinunua daftari la kurasa themanini
nikaandika juu ya jalada: KUHAMA.
Ruwi kwenda Mabela, ghorofa ya tatu kwenda nyumba ya chini,
mwezi wa Julai. Si akili, ni mkataba ulioisha Julai.

Ukurasa wa kwanza: maboksi.
Haitham kaleta ya ndizi, thelathini na moja,
yana matundu ubavuni,
vijiko vikawa vinachungulia.
Wa pili: mita ya umeme, maji, baladia,
mwenye nyumba na zile pesa za dhamana
anazozipenda kuliko sisi tulivyoipenda nyumba.
Wa tatu: lifti, mbovu. Friji izimwe mapema.
Kiyoyozi cha ukumbini tunakiacha, kimezeeka, kinakohoa.

Wa nne niliuandika kwa wino mzito, mstari mmoja:
GARI SAA KUMI ALFAJIRI.
Jua la huku halisemi simile.

Mama nilimpa kalamu nene, aandike maboksi.
Akaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
kama walivyofundishwa chuoni,
na Haitham, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chakula tu,
akasoma "kawa", akadhani kahawa,
akalipanga na vikombe.

Usiku wa mwisho nikamkuta ukumbini
amekaa ukingoni mwa kiti, buibui keshavaa, viatu miguuni,
begi moja la mkono mapajani.
"Mimi tayari."
Nikamwambia, Mama, saa tano hii, lala, gari bado.
Alikuwa anasikiliza ngazi.
"Mbona usiku?" akaniuliza. "Nani anatufukuza?"

Jibu nilikuwa nalo, ukurasa wa nne.
Joto, nikasema. Nyuzi arubaini na sita.
Wachukuzi wataanguka.
Hakubisha. Alikaza tu mshipi wa begi.

Alikuwa na miaka tisa walipotoka Unguja.
Hilo nalijua kama ninavyokijua kimo chake.
Saa waliyotoka hakupata kunitajia,
na mimi, mtu wa orodha, sikupata kumuuliza.

"Chai ilikuwa tayari," akasema. "Imo kwenye birika.
Hatukuinywa."

Nikampigia Shajahan, saa sita kasorobo.
Njoo saa mbili. Ya asubuhi. Ndiyo, juani.
Akacheka, akataja riali tatu za nyongeza.
Nikampa tano.

Kulipokucha tukalipasua boksi nambari saba
lililokwisha kugundishwa, tukatoa birika.
Mama alivua viatu akanywa vikombe viwili,
mlango wazi, polepole, mkate wa ufuta wa jana,
kisha akavaa viatu vyake akashuka
mlango hadi mlango: Bi Gohar wa ghorofa ya pili,
Wamisri wa mkabala, mlinzi na mdogo wake,
hata yule bwana asiyeitikia salamu.
"Tunahama," akawaambia kwa sauti,
kama anayetangaza harusi. "Mabela. Karibuni."

Jua likatupiga kama tuna deni lake.
Friji, niliyoisahau katika vurugu ile,
ikamwaga maji ngazi zote.
Haitham akatapika nyuma ya lori.
Godoro lilifika lina moto wa mkate wa tanuri,
na mimi nilimtukana Shajahan, kisha nikamwomba radhi,
kisha nikamtukana tena kwenye mlango wa Mabela
ulio mwembamba kuliko kabati kwa vidole viwili.
Nilipima madirisha yote. Mlango sikupima.

Leo ni wiki ya pili. Makawa hayajaonekana.
Maboksi tisa bado yamefungwa
na daftari silijui liliko.
Begi lake lilikuwa limesimama pale pale, karibu na mlango,
nami nikilipita kwa ubavu, kama mgeni aliyelala.

Jana magharibi akaniita.
Nimtolee dawa ya presha humo, niiweke kabatini,
rafu ya chini, anapofikia.

Nikauliza, na vingine?

"Dawa tu," akasema. "Vingine viache."