Mdomo wa Keekee

Eibar, mvua nyembamba isiyojua kukoma,
karakana tatu chini ya ghorofa moja, mto ukipita nyuma ya choo.
Nikampelekea Maixabel keekee iliyoungua ncha,
buluu kama ulimi wa mtoto aliyelamba wino.
"Haikuungua," akasema. "Umeichoma wewe."

Akawasha jiwe la kunolea. Hakuvaa glavu.
Aliishika kwa vidole viwili na nusu
(nusu ya pili ililiwa na mashine, mwaka asioutaja),
akaiegemeza, akaizungusha kidogo, akaishusha,
kama anayeubembeleza mlango ufunguke.

"Tazama katikati. Huu ukingo mfupi baina ya midomo miwili
haukati. Unasukuma tu, unaponda,
kama mkuu wa idara. Upunguze.
Na nyuma ya mdomo chuma lazima kiinamie nyuma,
nyuzi kumi, kumi na mbili. Usipoacha nafasi, kisigino kitasugua,
utaegemea kwa kifua kizima, utapata moshi, si tundu.
Ukizidisha, mdomo utakonda, utameguka kama jino la utotoni."

Nyuzi mia na kumi na nane kwa chuma laini.
Mia thelathini na tano kwa feleji ngumu: ncha iliyo butu zaidi
ndiyo itulizanayo, isiyotangatanga.
Nilidhani kilichochongoka ndicho kiingiacho.
Nilidhani hivyo kuhusu mambo mengi.

Kisha kosa langu lenyewe:
mdomo mmoja mrefu kuliko mwenziwe, kwa unywele au nywele mbili.
Tundu la milimita kumi likatoka kumi na robo,
bolti ikacheza ndani kama mguu katika kiatu cha kaka.
Bamba la mteja wa Ermua. Mshahara wangu wa wiki mbili.
Hakunikaripia. Alilitundika ukutani, kando ya kalenda.
Bado liko.

Leo asubuhi alisimama mlangoni nikitoboa.
Sikugeuka. Mafuta yalidondoka polepole,
maranda mawili yakapanda, moja kila mfuo,
marefu, yamejisokota sawasawa kama nywele za mapacha.
Mkono wangu haukusukuma kitu, ulipumzika tu juu ya mpini.
Keekee ikatokea upande wa pili, ikashtuka kidogo.

Maixabel akaokota randa moja lingali la moto,
akalitazama dhidi ya taa,
akalitia katika mfuko wa ovaroli.
Akauliza kama nimeshakunywa kahawa.